Mama mkwe anasema mtoto si chakula. Je, nimwite Zabibu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina mimba ya miezi saba na natarajia kujifungua mwishoni mwa Februari. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nimekulia nyumba ya Kiislamu. Mume wangu ni Mgogo wa Mvumi, kwao ni Waanglikana. Tunaishi Dodoma mjini na tuna shamba la zabibu Hombolo. Tumekubaliana mtoto apewe jina la chakula au la mmea unaoliwa, kwa sababu shamba hilo ndilo linalotulisha. Tumeandika Zabibu, Asali, Sukari, Uwele, Ulezi, Tende na Komamanga, na akiwa wa kiume Mtama au Mbuyu. Mama mkwe aliposikia akasema, "Mtoto si chakula. Chakula huliwa kikaisha." Mume wangu amenyamaza tangu siku hiyo. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole na uzito wa miezi hii. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na muda wote huo nimekuwa nikiandika majina ya watu kwenye madaftari, kila jina na sababu yake. Kwa hiyo swali lako nimelipokea kama mgeni niliyekuwa namngoja. Nitaanza na mama mkwe, maana kati yenu nyote yeye ndiye aliyesema neno zito.

Usilichukulie neno lake kuwa ukali wa wakwe. Ugogo ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata milimita 550 hadi 600 hivi. Mara nyingine mvua hukata wiki kadhaa wakati uwele ndio kwanza unatoa masuke, na hapo kila mtu anajua ghala la mwaka huo litakuwaje. Watu wa nchi ya namna hiyo huzipa njaa majina, kama wengine wanavyowapa wafalme. Njaa inayokumbukwa kuliko nyingi ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Ilikuwa vita ya kwanza ya dunia: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Mtunya maana yake ni kunyang'anyana. Mama mkwe wako hakuiona, lakini amelelewa na watu waliolelewa na walioiona. Katika nyumba iliyopitia hayo, chakula hakitajwi ovyo, na mtoto hafananishwi na kitu kinachopungua kila mtu anapofungua kinywa.

Lakini nchi iliyozipa njaa majina ina haki ya kuipa na shibe jina. Tena jambo hilo halikuanza na ninyi. Kiswahili kina Mavuno, Masika, Riziki na Neema, na wote hao wana wenyewe mitaani. Jirani zetu Wasukuma wana Mabula kwa mwanamume na Kabula kwa mwanamke, majina ya mvua. Wajaluo wana Okech na Akech, waliozaliwa wakati wa njaa. Jina la namna hii ni kumbukumbu ya hali ya nyumba siku mtoto alipoingia. Mtu akikuambia anaitwa Mavuno, amekwisha kukupa nusu ya habari za wazazi wake.

Sasa angalia kitu kimoja ambacho madaftari yangu yamenionyesha. Majina hayo hutaja mvua, msimu, mti, mavuno. Sijawahi kuandika jina Ugali wala Kande wala Wali. Wazee walichagua kilicho shambani wakaacha kilicho sahanini, na nadhani sababu yao ni ileile ya mama mkwe wako: kilicho sahanini kinaisha, kilicho shambani kinarudi. Kwa hiyo ninyi na yeye hamko mbali kama mnavyodhani. Mzabibu wa Hombolo mnaupogoa, unatoa machipukizi, unazaa, na ndani ya mwaka mmoja mnavuna mara mbili. Huo ni mmea gani unaoisha?

Niipitie orodha yenu, na nisamehe nikisema wazi.

Sukari, hapana. Siku hizi mtu akisema "bibi ana sukari", hakuna anayefikiria chai. Ugonjwa wa kisukari umelichukua neno hilo, na mtoto ataulizwa na kila nesi asiyemjua kama anatania. Tende nayo ina shida ya jirani yake: matende ni ugonjwa wa kuvimba miguu, na watoto wa shule hawahitaji zaidi ya herufi mbili kuufikia. Asali ni neno tamu kweli, na kwa watu wa Singida na Manyoni wenye mizinga yao ni heshima, lakini kwa miaka ya karibuni "kulamba asali" imekuwa kusema mtu anafaidi madaraka. Misemo ya siasa hupita, jina hubaki, kwa hiyo hili ningeliacha lipoe kwanza. Komamanga ni tunda zuri, ila jina refu lazima likatwe, na mkilikata mnabaki na Koma. Fikiri unamwita mwanao jioni kwa sauti kutoka mlangoni: "Koma!" Majirani watadhani unagombana na mtu.

Uwele ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. Ninaelewa kwa nini mmeiandika. Ndiyo nafaka ya Ugogo, inayovumilia pale mahindi yanapokauka, na ugali wake mtu akiula asubuhi anafika jioni. Kama jina lingepimwa kwa fadhila tu, hili lingeshinda yote. Lakini Kiswahili kina uwele mwingine wa zamani, wenye maana ya ugonjwa. Mwele ni mgonjwa. Vijana wengi hawalijui neno hilo, ila liko kwenye kamusi na kwenye mashairi, na mtoto akifika darasa la fasihi atakutana nalo mbele ya wenzake. Siwezi kumshauri mzazi amwite mwanawe Ugonjwa, hata kama yeye alikusudia nafaka.

Na hapohapo chini yake mmeandika Ulezi, ambao umepata bahati kinyume kabisa. Ulezi ni nafaka ile ndogo nyekundu ya uji, uji ambao mtoto wako huenda akaupata akianza kula. Na ulezi ni kazi ya kulea. Neno moja limebeba chakula cha kwanza cha mtoto na mikono inayomlisha. Sijui kama mliliona hilo wakati mnaandika. Mimi nililipenda mno, ingawa nakiri kwamba kama jina la kuitwa kila siku lina sauti ya somo la shule: "Ulezi, njoo." Lingekaa vizuri kama jina la pili la binti, la nyumbani.

Mtama, akiwa wa kiume, atapigwa mtama. Ndivyo itakavyokuwa, tangu siku ya kwanza uwanjani. Kumpiga mtu mtama ni kumtega mguu aanguke, na hakuna mtoto wa Kitanzania asiyelijua hilo. Mkwaju hamkuuandika, lakini kama mlikuwa mnaufikiria, nao una fimbo ndani yake na penalti za mpira. Mbuyu ni mti ninaouheshimu kuliko miti yote ya nchi hii. Majani yake ni mboga, unga wa tunda lake ni ubuyu, na husimama pale ambapo hata mbuzi hapati kivuli kingine. Tena methali imeupa sifa ya kutia moyo: mbuyu ulianza kama mchicha. Lakini "kuzunguka mbuyu" ni kutoa rushwa, na ubuyu mtaani ni umbea. Kijana akiwa hakimu au polisi, jina lake litakuwa kichekesho cha kila aliyemhukumu.

Mtaniambia nawaogopa watoto wa shule kupita kiasi. Nimeita mahudhurio madarasani kwa muda mrefu, mwanangu, na najua kicheko kinachotoka dawati la nyuma jina fulani linapotajwa, na najua mwenye jina anavyoinama. Wenzetu wengine wameliweka jambo hili mikononi mwa sheria. Huko Ufaransa, mjini Valenciennes, wazazi walimpa binti aliyezaliwa mwaka 2014 jina la Nutella, ile chokoleti ya kupaka kwenye mkate. Shauri likafika mahakamani na hakimu akaamua aitwe Ella. Wazazi wengine walitaka Fraise, yaani tunda la stroberi, nao wakakataliwa kwa sababu neno hilo limo ndani ya msemo wa dhihaka wa Kifaransa. Wakachagua Fraisine, jina la zamani lenye harufu ileile ya tunda bila kejeli yake. Mimi nawapongeza wale wa Fraisine. Hawakuacha walichokipenda, walikitafutia umbo ambalo mtoto angeweza kutembea nalo.

Kwetu kuna kipimo kingine ambacho Wafaransa hawana, nacho kinakuhusu wewe kuliko mtoto. Baada ya kujifungua, mtaa mzima utaacha kukuita jina lako. Utakuwa Mama Fulani hadi uzeeni. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto jina, livae wewe kwanza. Mama Mchicha ni mtu anayeuza mchicha. Mama Karanga amebeba sinia. Majina ya chakula yana hatari hiyo kwa sababu sisi huwaita wauzaji kwa bidhaa zao, na hakuna aibu yoyote katika kuuza, ila hutaki kila mgeni akuulize fungu ni shilingi ngapi. Kisha liweke jina katika mstari wote wa majina matatu, la mtoto, la baba, la babu, ulitamke kwa sauti. Na mkumbuke kwamba jina la mtoto wa kiume litakuwa jina la ubini la wajukuu zenu. Atakayeitwa Mtama leo atazaa watoto wa Mtama kesho.

Tufike Zabibu, ambalo naona ndilo mlilolipenda tangu mwanzo na mengine mliyaandika kwa kusindikiza.

Zabibu ni jina la kike la Waswahili tangu zamani. Utalisikia Pwani, utalisikia Tabora hadi Ujiji, na Kondoa kwenu halitamshangaza mtu. Neno limetoka Kiarabuni, ambako huwa linamaanisha zabibu zilizokaushwa, zile ndogo za kuweka kwenye pilau. Waswahili waliwaita mabinti zao kwa tunda hilo kavu lililokuja kwa jahazi, kabla mkulima wa Dodoma hajajua mzabibu unapogolewaje. Mizabibu imeshika udongo wetu katika karne ya 20 tu. Kwa hiyo hapa kwetu jina lilitangulia, mmea ukafuata. Binti yenu atakuwa na jina la kale na shamba jipya, na sioni jambo zuri zaidi ya hilo kumpa mtoto wa Dodoma.

Kisha angalia nyumba zenu mbili. Kurani inataja mizabibu mara nyingi pamoja na mitende na mizeituni. Biblia nayo, katika kitabu cha Hesabu, inasimulia wapelelezi waliorudi na kichala cha zabibu kizito hata kikabebwa kwa mti na watu wawili. Hakuna babu wala bibi wa upande wowote atakayesema mjukuu amechukuliwa na dini ya wenzao. Zaituni lingefaa kwa sababu hiyohiyo, maana sura ya 95 ya Kurani inaanza kwa kiapo cha tini na zaituni, na upande wa Wakristo lipo Oliva. Lakini mzeituni hauko Hombolo. Mzabibu uko.

Hofu ya "Mama Zabibu" ipo, sikufichi. Dodoma ni mji ambao abiria anashuka kwenye basi anakutana na ndoo ya zabibu kabla ya kukutana na mwenyeji wake. Watakutania. Ila jina hili limekwisha kuwa la watu kwa muda mrefu, na hapo ndipo linapotofautiana na Mchicha: msikilizaji analijua kama jina kabla hajalijua kama biashara.

Na Kiswahili chenyewe kitamlinda. Hili nililifundisha kila mwaka na sijalichoka. Tunda likiwa mtu, sarufi nzima humsimamia. Zabibu zimeiva, lakini Zabibu amelala. Zabibu zangu ziko sokoni, lakini Zabibu wangu yuko shuleni. Nipe zabibu nile, na nipe Zabibu nimbebe. Sikiliza hiyo "nimbebe". Silabi moja imemtoa mtoto kwenye kapu la matunda ikamweka mgongoni. Mama mkwe aliposema mtoto si chakula, lugha ilikuwa imekwisha kukubaliana naye.

Kama mioyo ya kwao Mvumi ikipenda jina la Biblia, lipo moja ambalo wengi hawajui kwamba ni la kiungo: Kezia. Ni binti wa pili wa Ayubu, aliyezaliwa baada ya mateso, na jina lake ni la gome linalonukia la jamii ya mdalasini. Imeandikwa kwamba katika nchi yote hawakuonekana wanawake wazuri kama binti za Ayubu, na kwamba baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Tamari nalo ni mtende, ingawa wanawake wanaoitwa hivyo katika Biblia waliteswa sana, na wapo wasomaji wa Maandiko watakaolikumbuka hilo.

Akiwa wa kiume kazi ni ngumu kidogo, kwa sababu Waswahili matunda waliwapa zaidi mabinti. Chaguo langu la kwanza ni Mavuno. Atazaliwa Februari, zabibu zinakatwa, mahindi mabichi yanachomwa, na jina hilo linakaa kwa Mrangi, Mgogo, Mwislamu na Mkristo bila kusukumana. La pili ni Eshkoli, jina la bonde ambako wale wapelelezi walikata kile kichala, na pia la mtu aliyekuwa mwenzake Ibrahimu. Maana yake ni kichala chenyewe. Halijazoeleka, lakini halina doa. Efraimu limetokana na kuzaa matunda, na Yusufu alilitoa akiwa ugenini, katika nchi ya mateso yake. Na kama mumeo ana rafiki aitwaye Fabiani, mwambieni jina lake linahusishwa na neno la Kilatini la maharage. Warumi wa kale hawakuona haya: ukoo wa Fabius ni maharage, Cicero, msemaji na mwandishi wao mashuhuri, ni dengu, na jina la Cicero limesomwa vyuoni miaka elfu mbili.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Hospitali watakupa tangazo la kizazi, na kwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, mtoto anapaswa kusajiliwa ndani ya siku 90. Andikeni herufi kama mnavyotaka zibaki, Zabibu kwa u mwishoni, kwa sababu karani akiandika Zabib mtaihangaikia u hiyo kwenye vyeti vyote hadi kitambulisho cha taifa.

Sasa la Mvumi. Nendeni mkamwone mama kabla hujawa mzito wa kupanda gari. Huu ni wakati wa kupanda, asubuhi atakuwa shambani, kwa hiyo fikeni jioni. Usianze na jina. Muulize mama ni mwezi gani wa kilimo alipomzaa mumeo, na mwaka ule ghalani kulikuwa na nini. Mwache azungumze mpaka amalize, hata kama itafika usiku, maana huenda hakuna aliyewahi kumuuliza. Kisha mwombeni yeye atoe jina la pili, la bibi au babu wa ukoo, liandikwe kwenye cheti karibu na lenu, na mwambieni kwamba hilo mtalipokea lolote litakalokuwa. Mtoto wa Kigogo mwenye jina la mzee wa ukoo hawezi kuliwa na yeyote.

Na mumeo asinyamaze siku hiyo. Habari ya mzabibu kwamba hukatwa ukazaa tena, mama yake aisikie kutoka kwake, kwa kuwa ndiye anayeshika mkasi.